Mbuzi Tuliowapeleka Matiliku

Wenzangu, mmeniuliza mpaka mmenichosha. Kanisani mmeniuliza, kisimani mmeniuliza, na juzi Mama Kioko alinisimamisha njiani nikiwa na mtungi wa maji mgongoni, akakataa kunipisha mpaka nimwambie kama ni kweli tulikwenda Makueni kumposea Nzioka mke. Haikuwa kuposa. Nimeona niandike habari yote mara moja, kila mtu asome, halafu mniache nipalilie ndengu zangu kwa amani.

Matinyani, kwa Kamene

Mnanijua mimi Mwikali, Mama Mumo. Siku niliyochaguliwa kuwa msikilizaji katika kikundi chetu cha kusaidiana, mlicheka. Kuna aliyesema heri mngechagua redio, maana redio ina kitufe cha kuzima. Nilisikia, na sijasahau ni nani. Lakini ile kazi niliipenda. Yule dada muuguzi aliyetufundisha alisema kusikiliza ni kazi kama kulima, unaanza vibaya na mkono unazoea, nami nikamwamini kwa sababu sikuwa na njia nyingine.

Kamene, jirani yangu, alizaliwa Matiliku kule Makueni, akaolewa huku kwetu Kitui. Kaka yake mdogo, Kyalo, alibaki kwao, na katika soko zima la Matiliku hakuna aliyekuwa hajui mbuzi wa Kyalo. Ukame ulipopita, ulimwachia boma tupu. Walikwenda ng'ombe, wakafuata mbuzi, na alipokufa yule wa mwisho Kyalo aliingia ndani akafunga mlango. Simu akazima. Chakula akawa analetewa chumbani na kukirudisha nusu. Usingizi nao ulimkataa. Mkewe, Syombua, alisema mumewe anaketi kitandani akitazama ukuta mpaka kunakucha. Kisha siku moja akatamka kwamba nyumba ingekuwa nyepesi kama yeye hangekuwepo.

Syombua akampigia Kamene. Kamene akaja kwangu akichechemea na lile goti lake bovu, hata fimbo alisahau.

"Mwikali, mimi siwezi safari," akaniambia. "Nenda wewe. Lakini sitaki umpe mawaidha. Mawaidha amepewa na kila mtu, imebaki jogoo tu. Nataka atoke nje. Atoke, awashe simu, nisikie sauti yake. Hiyo tu."

Nikasema nitakwenda. Nzioka, fundi seremala wetu, akasema naye atakwenda. Nyote mnakumbuka duka lake lilipoungua na namna alivyojifungia mpaka tukadhani amehama, kwa hiyo alijua anachosema aliposema hivi: "Mtu mwenye mawazo ukimwendea mikono mitupu, anafikiri umekuja kumtazama. Mpelekee kitu cha kufanya." Kikundi kikakubaliana mbuzi wawili, majike, wa kuanzia.

Kamene hakumweleza Syombua tunakuja kwa nini. Alisema Syombua hana siri, atamwambia Kyalo, na Kyalo ataongeza kufuli ya pili. Akamwambia tu kuna wageni wanatoka Kitui, awapokee vizuri. Shikeni hapo, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Jambo moja lilinisumbua tangu siku ile. Muuguzi alitufundisha kwamba mtu akigusia habari ya kufa, usizunguke wala usijifanye hukusikia. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo, kunamwonyesha kwamba hayuko peke yake nalo. Darasani niliitikia kwa kichwa vizuri sana. Lakini kumuuliza mwanamume mzima, mgeni kwangu, katika nyumba yake? Ngai, Mungu wangu!

Kabati

Siku ya soko Kabati nilimkuta Nzioka akinisubiri amevaa koti na tai. Tai nyekundu! Nikamuuliza kama anakwenda kumsikiliza mtu au kuhubiri.

"Mtu aliye na shida ni wa kuheshimiwa," akajibu, akainyoosha.

Mbuzi tukapata, mmoja mweupe na mmoja wa madoa. Wa madoa hakutaka kabisa kwenda Makueni. Alimponyoka Nzioka, akaingia kwa kinyozi, na akatoka pamoja na mteja aliyenyolewa upande mmoja tu, kitambaa kingali shingoni. Soko lilisimama kutuangalia. Yule mteja naye, Mungu ambariki, ndiye aliyemshika mbuzi, kisha akarudi kwenye kiti akamaliziwe kichwa.

Gari letu lilikuwa pikapu ya Mzee Swaleh, mfanyabiashara wa matunda wa Kitui mjini, ambaye siku hiyo alikuwa anakwenda mji wa Wote kuchukua machungwa. Babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kumsalimia. Mzee mwenyewe ni mtu wa kofia safi na maneno matamu. Aliwatazama mbuzi, akazitazama kreti zake.

"Mama Mumo, hawa waungwana wana adabu?"

"Wana adabu sana, Mzee."

"Mmoja nimemwona akitoka kwa kinyozi."

"Alikwenda kujitengeneza kwa safari."

Akacheka, akatupakia. Nilikuwa na leso mbili mpya za kumpa Syombua, sukari na majani ya chai kutoka kwa Kamene, na mkate mkubwa, maana nani huingia nyumba ya watu mikono ikining'inia? Sasa piga picha: mzee mwenye kofia, mama mwenye leso na sukari, mwanamume mwenye tai, na mbuzi. Kila aliyetuona barabarani alielewa, isipokuwa sisi.

Kwa Vonza mpaka Athi

Tulipopita Kwa Vonza, yule mweupe alianza kulia, na hakunyamaza tena. Nzioka alisema anakumbuka kwao. Alimwimbia hata wimbo wa kwaya, sauti ya besi, na mbuzi akazidisha.

Hatukufika mbali. Kabla ya daraja la Athi rejeta ilichemka, ikatoa moshi kama jiko la maharagwe. Mzee Swaleh alizima gari bila wasiwasi wowote, akatandika mkeka wake kivulini akaswali adhuhuri, sisi tukabaki kuupepea mfuniko kwa gazeti. Lori la mchanga likasimama. Akashuka mpakiaji mmoja, mtu wa mabega mapana ajabu, na mtungi wa maji.

"Na mbuzi mnapeleka wapi, mama?"

Nikamwambia tunampelekea mtu aliyejifungia kwa sababu ya mawazo, na kwamba tunakwenda kumsikiliza. Akaendelea kumimina maji polepole kwenye rejeta, hata ilipojaa akawa bado anamimina, yanamwagikia miguu yake.

"Hiyo ya kusikiliza," akasema, "mnafanyia hata watu wa mchanga?"

Wenzangu, nilifunga mdomo. Nilifunga kwelikweli! Akanieleza mambo yake pale pale, macho kwenye mfuniko wa rejeta, na hayo siyaandiki kwa sababu ni yake. Alipomaliza alicheka kidogo, akasema, "Haya, basi," akapanda lori. Namba yangu alikwenda nayo. Nzioka alinitazama kwa mshangao.

"Mama Mumo, hujasema hata neno."

"Usiniguse," nikamwambia, "nisije nikaanza."

Tawa

Tulifika Tawa tumechelewa na tuna njaa ya kuuma vidole. Pale kuna hoteli ndogo yenye viti vya plastiki, na mwenyewe ni Mama Mutheu, mwanamke wa sauti kubwa kunishinda. Alituletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, yana mafuta na kitunguu mpaka mtu anafumba macho. Mzee Swaleh alikula sahani ya kwanza kwa heshima na ya pili kwa mapenzi.

"Walahi, mama, ungetia nazi humu, watu wangeacha kazi."

"Nazi inaota wapi hapa Tawa?" Mama Mutheu akamjibu. "Kula hivyo hivyo na bado utaacha kazi."

Akauliza kuhusu mbuzi, kila mtu aliuliza kuhusu mbuzi. Nikamweleza. Uso wake ukabadilika, akavuta kiti akaketi na kijiko chake mkononi. Alikuwa na kaka, akasema. Naye alijifungia. Watu walimwombea wakiwa huko huko makwao, na hakuna aliyekuja kubisha mlango, hata yeye mwenyewe Mama Mutheu hakubisha, kwa sababu alikuwa anaogopa atasema nini. Yuko hai, akasema, lakini alihamia mbali na hapigi simu.

Akainuka ghafla, akaenda nyuma ya hoteli, akarudi anavuta dume dogo jeusi lenye ndevu chache za ujana.

"Mpelekeeni na huyu."

Tulikataa, tukakataa tena. Hakutaka kusikia. Kwa hiyo tukatoka Tawa na mbuzi watatu, majike mawili na dume. Mimi ni Mkamba wa baba na mama. Najua tangu utoto kwamba mbuzi wa kwanza wa kuposa, ntheo, ni watatu. Nzioka pia anajua. Lakini tulikuwa tumeshiba na tumeguswa moyo, na hakuna kati yetu aliyehesabu.

Wote mpaka Matiliku

Huko Wote machungwa yalikuwa hayajachumwa yote, kwa hiyo Mzee Swaleh akasema atatufikisha Matiliku na kurudi baadaye. Nampenda kwa hilo mpaka leo. Njia ni nzuri kule, mlima wa Nzaui unauona mbele, mara kulia, mara kushoto, na mashamba ya matunda yenye kijani hata mahali ambapo hukutegemea. Mimi sikuuona mlima vizuri. Nilikuwa nafanya mazoezi kimoyomoyo: "Kyalo, unawaza kujiua?" Kila nikilisema lilikuwa linazidi kuwa zito. Nikajaribu kulisema kwa Kikamba, likawa zito zaidi.

Jambo ambalo hatukujua ni hili. Syombua na Kyalo wana binti mkubwa, Ndinda, mwalimu wa watoto wadogo, aliyesomea ualimu wake Kitui na ana kijana wanayependana huko huko Kitui. Syombua alipoambiwa kuna wageni wanatoka Kitui, wapokelewe vizuri, alijumlisha kama ambavyo mama yeyote angejumlisha. Akawaita majirani.

Nyumbani kwa Kyalo

Vigelegele tulivisikia kabla hatujazima gari. Nikafikiri, watu hawa wanajua kupokea wageni! Wanawake wakaja wakanipokonya mkoba, wakaona leso, wakaona sukari, wakapiga vigelegele upya. Mbuzi waliposhushwa, mmoja, wawili, watatu, kuna bibi mmoja aliyecheza kabisa. Uani moto ulikuwa unawaka na kuku walikuwa wameshapoteza maisha.

Mzee Swaleh akapewa kiti chenye mto. Nzioka akawekwa pembeni yake, akikodolewa macho kuanzia tai mpaka viatu. Shangazi wa nyumba akasimama, akauliza kwa upole, kama inavyoulizwa, kama wageni wamepotea njia au kuna kitu wamekiona katika boma hili.

Mimi nilikuwa naangalia mlango uliofungwa kule pembeni, nikijiuliza kama ndio wenyewe, kwa hiyo sikusikiliza. Msikilizaji mimi! Mzee Swaleh, kwa kuwa ni muungwana na alidhani ni salamu za watu wa Matiliku, akainuka akajibu.

"Hatukupotea, bi mkubwa. Tumesikia sifa za nyumba hii tangu tuko mbali, tukasema hatuwezi kukaa bila kujuana nanyi. Hiki kidogo tulicholeta ni mapenzi tu. Tunaomba mtupokee tuwe watu wamoja."

Uani pakalipuka. Angekuwa amefundishwa na wazee wa kuposa kwa mwezi mzima asingesema vizuri hivyo. Mama mmoja akaniinamia sikioni.

"Na bwana harusi ni huyu wa tai?"

Ndipo nikahesabu mbuzi. Nikamgeukia Nzioka, nikaona naye amehesabu, na jasho limejipanga usoni kama mtu aliyeketishwa karibu na tanuri.

Wakati huo huo Ndinda akatokea na birika la maji ya kunawa, amevaa vizuri, anatabasamu chini chini, anatafuta uso anaoujua. Akafika kwa Nzioka. Tabasamu likakwama.

"Mama," akasema, "huyu ni nani?"

"Si ni wewe unamjua?"

"Mimi simjui huyu! Mimi nina mtu wangu!"

Birika likaanguka. Nzioka alisimama, akaketi, akasimama, akasema, "Dada, hata mimi sikujui, pole sana," jambo ambalo halikusaidia. Nilitaka kueleza, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwangu kulikuwa na watu wanaopiga kelele kunishinda. Shangazi akaamua: hakuna neno linaloweza kuendelea, wala kukataliwa, wala chakula kuonjwa, mpaka baba wa msichana aseme. Watu wakatazama ule mlango, halafu wakatazama chini. Walikuwa wamesahau kwamba baba wa msichana hatoki.

Ndinda hakusahau. Aliukimbilia ule mlango, akaupiga kwa viganja vyote viwili.

"Baba! Baba, toka! Wameleta mbuzi wanioe na mtu simjui! Baba, toka uwaambie!"

Kuku mmoja aliyebaki alipita katikati ya uwanja. Kisha tukasikia komeo.

Kyalo alitoka amejifunga blanketi mabegani, ndevu zimeota ovyo, viatu vya akala miguuni. Jua lilimpiga machoni akaweka mkono kwenye paji la uso, akabaki hivyo, akitutafuta mmoja mmoja. Syombua alijiziba mdomo kwa leso.

"Ni nani," akauliza Kyalo, kwa sauti iliyokwaruza, "anayemposa binti yangu kama mtu asiye na baba?"

Mzee Swaleh, ambaye sasa alikuwa ameelewa, akaninong'oneza, "Mama Mumo, nyamaza. Mzee ametoka. Acha liendelee kidogo."

Na nilitaka. Kweli nilitaka! Kamene aliomba atoke nje, na ametoka nje. Lakini binti alikuwa analia, na mtu aliyekaa ndani muda wote ule akitoka na kukuta amedanganywa, nani atamtoa tena? Nikasimama.

"Baba Ndinda, hakuna anayeposa. Mimi ni Mwikali wa Matinyani, jirani ya dada yako Kamene. Huyu wa tai ni fundi seremala. Huyu mzee ni mwenye gari. Kamene ametutuma tukuone wewe. Mbuzi ni wako. Mambo mengine yote tumeyaharibu sisi wenyewe njiani."

Alinitazama. Watu wakaanza kunung'unika, mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Kyalo alivuta blanketi lake, akageuka kuelekea mlangoni. Niliuona mgongo wake, nikaona nimemrudisha ndani kwa mdomo wangu mwenyewe. Sijawahi kuumia hivyo kwa kusema kweli.

Yule mbuzi mweupe akalia.

Kyalo akasimama. Hakugeuka mara moja. "Huyo analia nini?"

"Analia tangu Kwa Vonza," akasema Nzioka. "Tunafikiri anakumbuka kwao."

"Anakumbuka kwao!" Akageuka sasa, amekasirika hasa. "Haukanyagi mguu wa nyuma, nyinyi hamuoni? Mmesafiri naye Kitui mpaka hapa na mguu huo?" Blanketi likabaki chini pale mlangoni. Akapita katikati yetu sote, akapiga magoti kando ya mbuzi. "Wewe mama unayesema sana, njoo ushike hapa."

Nikaenda nikashika. Mwiba ulikuwa umeingia katikati ya kwato, umezama. Akamtuma Ndinda sindano, akaanza kuutafuta taratibu, vidole vyake vikiwa na uhakika ingawa vimekonda. Watu waliona hakuna harusi, wakarudi kwenye sufuria. Tukabaki sisi na mbuzi, na Nzioka aliyekuwa ameketi kwenye vumbi na koti lake.

Nikaona ndio wakati.

"Baba Ndinda, Syombua alisema ulitaja kwamba nyumba ingekuwa nyepesi bila wewe. Unawaza kujiua?"

Mkono wake ukasimama. Nami sikuongeza neno. Sikumwambia pole, sikumwambia Mungu yupo, ingawa yote yalikuwa mdomoni yamepanga foleni.

"Nimewaza," akasema.

"Na sasa hivi?"

Alilifikiria kweli lile swali langu, alilifikiria kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Sasa hivi nimeshika mbuzi," akasema.

Akauvuta mwiba ukatoka. Halafu akaanza kusema, uso kwenye kwato. Alitaja mbuzi wake waliokufa, kila mmoja kwa jina lake, na alipofika kwa wa mwisho alilia, nami nikalia, na Nzioka akalia akajifuta kwa ile tai. Nzioka akamweleza habari za duka lake na namna alivyokuwa akihesabu mabati usiku badala ya kulala. Kyalo akamuuliza, "Na usingizi ulirudi?" Nzioka akasema ulirudi, ila haukurudi wote kwa mara moja, na kwamba zahanati ilimsaidia pia. Syombua, aliyekuwa amesogea bila sisi kumwona, akasema atamsindikiza yeye mwenyewe zahanati ya Matiliku. Kyalo hakukubali kwa mdomo, lakini hakukataa.

Kwa mbuzi alikataa. "Sitaki mbuzi wa huruma. Tena watatu! Wawili ni mifugo, watatu ni maneno. Kesho soko zima litasema nimemtoa binti kwa mtu wa tai."

Nzioka ndiye aliyepata njia. Mbuzi ni wa Kamene, akasema, na Kamene goti haliwezi kuchunga. Kyalo atawatunza kama watu wanavyowekeana mifugo tangu zamani, maziwa yatakuwa yake, na watoto wakizaliwa watagawana. Kwa masharti mawili. Dume lirudi Tawa. Na mwenye mbuzi lazima apewe habari zao kwa simu.

Kyalo akamkazia macho. Alijua anafanyiwa nini, yeye si mjinga.

"Simu haina moto," akasema. "Itabidi ichajiwe."

Tukala kuku wa harusi isiyokuwepo. Mzee Swaleh aliambiwa na shangazi kwamba siku Ndinda atakapoposwa kikweli, yeye ndiye atakayeitwa kusema, upande wowote.

Kurudi

Tawa tulimrudishia Mama Mutheu dume lake tukamweleza kwa nini. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniuliza kama kaka yake naye angeweza kupigiwa simu tu, bila neno la maana la kumwambia. Nikamwambia ampigie amweleze habari za dume.

Kamene alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akitungoja. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Lakini hajapiga?"

Hakuwa amepiga. Siku zikapita, Kamene akitembea na simu hata shambani, akiitazama kila dakika. Syombua ndiye aliyetuambia wamekwenda zahanati na wamepewa siku ya kurudi. Mimi nilikuwa sina raha. Nilijiambia pengine tulipoondoka mlango ulifungwa tena.

Jumapili, baada ya kanisa, simu ikalia. Kyalo! Aliongea kuhusu kwato. Aliongea kuhusu majani, kuhusu mbuzi wa madoa aliyekula kikapu cha mchungaji, akakata simu bila kwaheri. Kamene aliishika ile simu kifuani akaanza kucheka kama msichana. Tangu hapo akawa anapiga kila asubuhi, mapema, kabla jua halijatoka, kwa sababu hakuwa analala. Habari za mbuzi tu. Kuhusu yeye, hata neno.

Mpaka juzi. Asubuhi ilifika bila simu. Chai ikapoa. Kamene alikuja kwangu bila fimbo, kama ile siku ya kwanza, tukaketi bila kutazamana. Nilikuwa nimeshashika simu nimpigie Syombua, ya Kamene ikalia. Jua lilikuwa tayari juu.

"Uko wapi wewe?" Kamene akafoka, kwa hofu yote aliyokuwa nayo. "Mbuzi wangu wamekula? Mpaka saa hii unafanya nini?"

"Nisamehe, dada," sauti ya Kyalo ikasema, nzito, ya mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. "Nawasikia wanalia huko nje. Nilikuwa nimelala."

"Mbuzi wanalia njaa na wewe umelala?"

Kisha akajisikia alichosema. Akanitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na bado uso ameukunja kwa hasira.

"Kyalo. Umelala?"

"Nimelala, dada. Tangu jana jioni."

"Basi rudi ulale," akasema Kamene. "Mbuzi watangoja."